Nyumba Njema si Mlango

Ndugu msomaji, kadi ya kliniki ya mtoto ina nafasi ya kuandika tarehe, uzito na chanjo. Haina nafasi ya kuandika saa. Asubuhi moja, katika zahanati moja wilayani Temeke, nilimsikia mama kijana akimwomba muuguzi amwandikie pembeni mwa kadi saa aliyofika na saa aliyoondoka. Muuguzi alicheka, akidhani ni masihara. Alipomtazama yule mama usoni, kicheko kilimkauka. Akaandika: saa 2:10 hadi saa 4:15. Mama akashukuru, akambeba mwanawe, akatoka kwa hatua za mtu anayekimbizwa, ingawa nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nilikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya makala mengine, yahusuyo lishe ya watoto. Makala yale niliyaandika yakapita, lakini zile saa zilizoandikwa pembeni mwa kadi hazikunitoka akilini. Kliniki ya mwezi uliofuata nilirudi, nikajitambulisha kwake, nami nikiwa mwanamke mwenzake na mama kama yeye. Kwa muda wa miezi kadhaa tukawa tunazungumza katika benchi lile lile, dakika kumi leo, robo saa safari nyingine, kwani muda wake ulikuwa wa kuhesabiwa. Haya nayaandika kwa idhini yake. Jina lake, mtaa wake na kazi ya mumewe nimevificha, kama tulivyoahidiana.

SIFA ZA MTAANI

Ana umri wa miaka 23. Aliolewa akiwa na miaka 19, na mtoto wake wa kwanza ana miaka miwili na nusu. Mumewe, aliyemzidi kwa miaka 11, ni mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi. Wamepanga vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, yenye ua mmoja, bomba moja na kibaraza kimoja ambacho wapangaji wote hukaa kupunga upepo jioni.

Mume huyu anasifiwa mtaa mzima. Hanywi pombe. Halali nje. Arudipo kazini huamkia wazee, humbeba mwanawe begani, na mkononi hakosi mkate au fungu la machungwa. Kodi ya nyumba hailali. Wake wengine wa nyumba ile, ambao wamekwishaonja makofi na matusi ya wanaume wao, humwambia mama huyu kwamba ameokota dodo chini ya mwarobaini. Naye hutabasamu, akainama, akaendelea kuosha vyombo.

Na ni kweli kwamba tangu amuoe, mumewe hajampiga hata kofi moja. Hilo alilisema mwenyewe mara ya kwanza tulipoketi, kabla sijamwuliza lolote. "Dada, usije ukaandika kwamba ananipiga. Hanipigi." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Lakini namwogopa kuliko mtu yeyote duniani."

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tuingie basi, kwa adabu, kwa kuwa mwenye nyumba ametukaribisha.

MINYORORO ISIYOLIA

Kila asubuhi mume huacha juu ya meza shilingi 8,000 za matumizi ya siku. Jioni, baada ya chakula, hufungua daftari. Nyanya kiasi gani, mkaa kiasi gani, dagaa, mafuta, sabuni. Kuweka hesabu si kosa. Wafanyakazi wengi, waume kwa wake, hawana budi kuhesabu senti zao ili wafike mwisho wa mwezi. Lakini katika nyumba hii hesabu ilikuwa ya mtu mmoja. Mshahara wa mume mke hakuujua, wala hakuruhusiwa kuuliza. Yeye ndiye aliyejibu, kila siku, mpaka shilingi ya mwisho.

Siku moja zilipungua shilingi 300. Alikuwa amenunua vitunguu akasahau kuvitaja. Mume hakufoka. Alilifunga daftari taratibu, akalirudisha kabatini, na kuanzia hapo hakumsemesha mkewe kwa siku nne. Alizungumza na mtoto. Alicheka na wapangaji kibarazani. Mkewe alimpita ndani kama mtu apitaye kivuli. "Nilikuwa naomba anigombeze," aliniambia, "nijue kosa langu lina ukubwa gani." Siku ya nne akapiga magoti, akaomba radhi. Aliniambia kwamba katika miaka minne ameomba radhi kwa makosa mengi ambayo mpaka leo hayajui.

Kabla ya kuolewa alikuwa fundi wa kushona. Mama yake alimnunulia cherehani kwa fedha za mchezo wa kupeana, naye akawa anashona sare za shule na magauni ya sikukuu. Alipopata mimba mumewe alimwambia apumzike. Alipojifungua, aliambiwa kwamba kelele za cherehani zitamsumbua mtoto. Mtoto alipokua, cherehani ilihamishiwa kwa kaka yake mume, "isije ikaharibika kwa unyevu." Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililosemwa kwa ukali. Yote yalisemwa kwa upole, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

Simu anayo, lakini namba ya siri ya kuifungulia anayo mume pia, na kila usiku huipekua. Shoga aliyepiga huulizwa alitaka nini. Mashoga wakapungua, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaisha. Mchana mume humpigia ili aonyeshwe, kwa picha ya simu, mahali alipo. Safari ya kwenda kumwona mama mzazi haikukatazwa kamwe. Iliahirishwa tu. Mara nauli, mara mvua, mara mtoto ana mafua. Mwaka mmoja na miezi minne ulipita bila ya kumwona mama yake, na mama huyo anakaa mwendo wa saa mbili kwa basi.

Tena yako maneno. Si matusi. Ni maneno madogo yanayosemwa kwa tabasamu mbele ya wageni: kwamba mchuzi wake bado unajifunza, kwamba darasa alilofikia linajulikana, kwamba bila ya yeye sijui angekuwa wapi. Mtu akiambiwa hivyo kila siku kwa sauti ya upole, hufika siku akaliuliza swali hilo mwenyewe, na asione jibu.

KIPIMO NI HOFU

Yamkini, ndugu msomaji, unajiuliza: je, kila mume anayeuliza bei ya nyanya ni mtesaji? Kila mume anayempigia mkewe simu mchana ni askari jela? La hasha. Ndoa ni kuulizana na kujibizana. Wapo wake nao wanaopekua mifuko ya waume zao na kuwanyamazia kwa wiki nzima, na kwao pia makala haya yanazungumza.

Tofauti haimo katika swali linaloulizwa, bali katika kile kinachofuata jibu. Katika nyumba yenye mapenzi, mke anaweza kusema "hapana", au "nimesahau", au "mimi naona vingine", na usiku ule akalala usingizi. Katika nyumba ya namna hii, kila neno hupimwa kwanza: atanuna? Atanyamaza? Siku ngapi? Chukua jambo moja moja na yote yanafanana na mapenzi. Daftari ni uangalifu, simu ni kujali, kukaa nyumbani ni kumpumzisha mzazi. Yaweke pamoja utaona kwamba fedha, kazi, jamaa, marafiki na hata miguu ya mtu mzima vimewekwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Kwa nini alinyamaza? Nilimwuliza hivyo, na jibu lake linafaa kusomwa na kila mzee anayekaa kusuluhisha ndoa. "Ningesema nini mbele ya wazee, dada? Kwamba mume wangu hanipigi, hanywi, halali nje, analeta chakula, ila ninamwogopa? Wangenicheka."

Hali kadhalika alikuwa na wosia wa somo wake. Siku za kuwekwa ndani, somo alimfundisha kwamba ndoa ni sitara, mambo ya chumbani hayaanikwi uani, na mke mwema humeza. Akameza. Wapangaji wenzake walipouona ukimya wake waliuita utulivu.

MTOTO ALIYENYAMAZISHA MWANASESERE

Kilichomwamsha ni mwanawe. Jioni moja mtoto alikuwa sakafuni akicheza na kopo, kijiko na mwanasesere wa kitambaa aliyeshonewa na mama yake. Kijiko kilikuwa kikigonga kopo kwa furaha. Mara komeo la mlango wa mbele likasikika. Mtoto akaacha kugonga. Akakusanya vitu vyake, akavisogeza ukutani, akakaa akiwa amekunja miguu. Kisha akaweka kidole juu ya mdomo wa mwanasesere na kumwambia: "Nyamaza. Baba."

"Hakuna aliyemfundisha," mama aliniambia. "Baba yake hajapata kumfokea. Mtoto alijifunza kwangu. Mimi nilidhani navumilia kwa ajili yake, kumbe nilikuwa namfundisha kuogopa."

Siku ya kliniki iliyofuata, badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani, alipitia kwa somo wake. Alisema yote, kwa mara ya kwanza, huku akiangalia saa. Yule mama mtu mzima alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, nilikufundisha kumsitiri mumeo. Sikukufundisha kujizika." Akajitanda khanga yake, akaenda kwa mshenga.

KIKAO CHA WAZEE

Mshenga ndiye aliyeposa, na kwa desturi yetu ndiye anayerudiwa ndoa inapoyumba. Aliwaita wazee wa pande mbili siku ya Jumapili, nyumbani kwa baba mkubwa wa mume. Mume alifika amevaa vizuri, akawaamkia wote kwa heshima, na alipopewa nafasi aliuliza swali moja tu: "Wazee wangu, mwulizeni mbele yenu. Nimepata kumpiga?"

Mshenga akamjibu: "Hakuna aliyesema umempiga. Tunakuuliza cherehani iko wapi."

Akaeleza habari ya unyevu. Akaulizwa juu ya simu, akaeleza kwamba mji una matapeli wengi. Akaulizwa juu ya mama mkwe, akaeleza habari ya nauli. Kila swali lilipata jibu, na wazee wawili wa upande wake walianza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo somo akaitoa kadi ya kliniki, akaiweka juu ya mkeka. Miezi mitano ya saa zilizoandikwa kwa kalamu pembeni.

"Mimi sikumwambia aandikishe saa," mume akasema.

"Ndivyo hasa," mshenga akajibu. "Hukumwambia. Mkeo amefika mahali pa kujitafutia shahidi kabla hujamshitaki."

Mume hakuwa na jibu. Hata wale wazee wawili waliacha kutikisa vichwa.

Kwa kuwa gazeti halipaswi kusikiliza upande mmoja, nilimwomba mshenga anikutanishe na mume. Alikubali, na namshukuru kwa hilo. Aliniambia neno ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba baba yake alikuwa akimpiga mama yake, na yeye akiwa mtoto alikuwa akijificha nyuma ya pipa la maji. Akaapa kwamba akioa hatamwinulia mkewe mkono. "Kiapo changu nimekitimiza," alisema. "Nilidhani hiyo ndiyo tofauti kati yangu na baba." Akanyamaza. "Sikujua kwamba mwanangu naye anajificha."

Wazee waliamua kwamba cherehani irudi, na imerudi. Simu ni ya mwenyewe. Daftari lingalipo, lakini sasa lina kurasa za mshahara pia, na wanaandika wawili. Amekwenda kwa mama yake, akalala siku mbili. Kikao kitakaa tena baada ya miezi mitatu. Nisikudanganye, ndugu msomaji, kwamba mambo yamekwisha. Mume alikwishanuna mara moja tangu siku ile, akajikuta hajui namna ya kuacha, ikabidi mshenga aje. Katika kliniki iliyopita muuguzi alichukua kalamu akauliza, "Leo niandike saa?" Mama alisita, kisha akasema, "Leo acha." Hata hivyo, kabla ya kufika getini, nilimwona akiitazama simu mara mbili.

SHERIA INASEMAJE

Mama huyu alidhani kwamba maumivu yasiyo na alama mwilini hayana jina katika sheria. Wengi hudhani hivyo. Ukweli ni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ililitaja jambo hili tangu mwanzo. Kifungu cha 66 kilitangaza kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Lakini sheria haikuishia kwenye fimbo. Katika kifungu cha 107, kinachoeleza mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, umo ukatili, uwe wa mwili au wa akili, uliofanywa kwa mwenzi au kwa watoto. Kwa hiyo wazee wanaouliza "amekupiga?" na kuishia hapo, wameuliza nusu tu ya swali.

Yapo mengine yanayofaa kujulikana. Kifungu cha 56 kinampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Cherehani ya mke ni ya mke. Kifungu cha 63 kinaweka juu ya mume wajibu wa kumpatia mkewe chakula, mavazi na malazi kwa kadiri ya uwezo wake. Basi matumizi ya nyumbani ni deni la kisheria, si fadhila ya kudai shukrani kila jioni. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri mashuhuri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Apikaye, afuaye na aleaye naye anachuma.

Sheria pia haikimbilii kuvunja nyumba. Kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali maalumu, mgogoro lazima upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mabaraza hayo yapo katika kata, na jumuiya za dini zinayo ya kwao. Kwenda Barazani si kudai talaka. Ni kuomba watu wazima wakae kati. Na kwa mama anayeogopa kwamba akisema atanyang'anywa mtoto, sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake, ila ikithibitishwa vinginevyo.

Asiyekuwa na mshenga wala somo wa kumsikiliza asidhani kwamba njia zimefungwa. Wapo maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Wapo pia wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao humweleza mtu haki zake bila ya malipo.

NENO LA MWISHO

Kwako wewe mume unayesoma ukurasa huu baada ya chakula cha mchana: kutopiga ni jambo jema, lakini huo ni mwanzo tu wa wema. Sikiliza nyumba yako ukiingia. Ukisikia kicheko kikikatika kila unapogusa komeo, usimwulize mkeo ana nini. Jiulize wewe umeingia na nini.

Kwako wewe jirani: usiugeuze ukimya wa mwenzako kuwa sifa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama aliyeacha kukaa kibarazani, aliyeacha kazi yake, ambaye huitazama simu kabla ya kujibu salamu, mkaribie. Usimhoji. Mkopeshe chumvi, mbebee mtoto, ajue kwamba siku atakayotaka kusema yupo wa kumsikia.

Na kwako wewe mama kijana, ambaye labda unalisoma gazeti hili lililofungiwa maandazi kwa sababu la kununua hukupewa fedha: uvumilivu ni sifa njema pale wawili wanapovumiliana. Mmoja akivumilia peke yake, miaka yote, hadi akasahau sauti yake mwenyewe, hiyo si subira. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie jambo moja tu, hata liwe dogo kama shilingi 300 za vitunguu. Mwenzio alianza kwa kuomba muuguzi amwandikie saa.